Barua za mapendekezo vyuo vya Marekani: niombe mwalimu aliyenipa A au aliyeniona nikifeli?

#1 Mwanagenzi wa PCM

Wakuu, salamu. Nimemaliza kidato cha sita Mei, shule ya serikali ya bweni, PCM. Matokeo: Fizikia A, Kemia B, Hesabu B, daraja la kwanza pointi 5. Naomba vyuo vya Marekani, vingi kupitia Common App (mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja), na kimoja ninachokitamani sana ni MIT, chuo cha sayansi na teknolojia. Karibu vyote vinataka barua za walimu wawili, na hapo ndipo nimekwama wiki ya pili sasa.

Nilionao ni hawa:

Mwalimu wa Fizikia. Ndiye niliyepata A kwake. Mkondo wetu ulikuwa na watu zaidi ya 70 na nadhani akikutana nami stendi hatanitambua.

Madam wa Hesabu. Muhula wa kwanza kidato cha tano nilipata 19 kwa 100. Nilikuwa nambana madam kila siku baada ya prepo, mpaka akanitengea daftari la peke yake, mistari miekundu kila ukurasa. Nimetoka na B.

Mwalimu wa GS (General Studies, maarifa ya jumla). Alitufundisha mwaka mmoja tu, kisha akahamishwa mkoa mwingine.

Mkuu wa shule. Baba mdogo anasema nisihangaike, ndiye wa kumwomba, kwa sababu "barua isiyo na muhuri wa mkuu wa shule ni karatasi ya kufungia vitumbua."

Waliopita njia hii, mngechagua yupi na yupi?

#2 Tumbili Mtini

Ngoja waje wajuzi. Nimeweka kambi hapa, mdogo wangu naye anamaliza mwakani.

#3 Mbuyu wa Same

Baba mdogo wako anajua anachosema. Kaka yangu alikwenda kusoma nje miaka ya tisini kwa barua ya mkuu wa shule, karatasi yenye nembo, sahihi ya wino wa bluu na muhuri. Mzungu anasoma cheo kwanza. Mwalimu wa somo ni mmoja kati ya 40, mkuu wa shule ni mmoja. Ukiwa na nafasi ya kusemewa na mkubwa, usimwache ukaenda kwa mdogo.

#4 Msafiri wa Ohio

Mbuyu wa Same, heshima yako mzee wangu, ila hapo kuna kitu kimechanganywa, na watoto wengi wa nyumbani wanajikwaa hapo hapo.

Kwenye Common App mkuu wa shule ana nafasi yake tayari. Kuna fomu ya shule, pamoja na barua ya mtu wanayemwita mshauri wa wanafunzi. Shule za Marekani zina mtu wa kazi hiyo. Kwetu hayupo, kwa hiyo fomu hiyo anaijaza mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma. Yeye anaeleza shule: ina wanafunzi wangapi, michepuo gani, mtoto huyu yuko wapi akilinganishwa na wenzake, na anapakia matokeo ya mihula. Barua mbili za walimu ni kitu kingine, zinatakiwa zitoke kwa watu waliosimama mbele yako wakafundisha somo. Ukimweka mkuu wa shule kwenye nafasi ya mwalimu, na yeye ndiye amejaza ile ya shule, umetumia mtu mmoja mara mbili na umejinyima mdomo mmoja wa kukusemea.

Isipokuwa kama alikufundisha. Alikufundisha?

#5 Mwanagenzi wa PCM

Hapana kaka. Aliingia darasani mara mbili, zote kutuambia kuhusu michango.

#6 Kalamu ya Risasi

Kijana, acha kujichosha. Weka Fizikia A, weka Kemia B, tuma. Wewe ni mtu wa sayansi, chuo ni cha sayansi. Nani anakwenda MIT akiwa na mwalimu anayesimulia alivyopata 19? Unajipeleka mahakamani na shahidi wa upande wa pili. Na MIT nayo imo humo humo Common App, ukijaza mara moja imetosha.

#7 Binti Usambara

Kalamu ya Risasi, mambo mawili.

MIT hawatumii Common App. Wana mfumo wao wenyewe wa maombi, akaunti tofauti, na mwalimu anapata mwaliko tofauti. Asipojua hilo, madam atatuma barua Common App akidhani kamaliza, kumbe MIT hakuna kitu.

Pili, MIT wametaja aina ya walimu: mmoja wa Hesabu au Sayansi, mwingine wa sanaa, masomo ya jamii au lugha. Fizikia na Kemia kwa pamoja hazikidhi hilo. Halafu mleta uzi hajasema yeye ni mvulana.

#8 Mwanagenzi wa PCM

Asante dada Binti Usambara. Ni msichana.

Na hapo umenigusa penyewe. PCM kidato cha tano na sita mwalimu wa sanaa nimtoe wapi? Masomo yangu ni matatu na GS. Sikuwa na Kiingereza, sikuwa na Kiswahili, sikuwa na Historia. Mwalimu pekee aliyesoma insha yangu kwa miaka miwili ni yule wa GS aliyehama.

#9 Kalamu ya Risasi

Nimekubali la MIT kuwa na mfumo wao, nilichanganya. La 19 sijalikubali.

#10 Mkoba wa Kilifi

Hujambo dada. Mimi nasoma mwaka wa tatu Marekani, nilitoka Kenya. Kwetu mambo yalikuwa mepesi kidogo, maana KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, unafanya masomo saba au zaidi, na Kiingereza na Kiswahili ni lazima mpaka mwisho. Kisha unakaa na mwalimu mmoja kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwalimu wangu wa Kiswahili alinijua tangu nikiwa sijui kupiga pasi kola ya shati. Nyinyi kidato cha tano mnaanza Julai, Mei ya mwaka wa pili yake mnafanya mtihani. Ukiondoa likizo, mwalimu amekuona mwaka mmoja na nusu.

Kwa hiyo nauliza, si bora uende kwa mwalimu wako wa kidato cha nne? Wa Kiingereza au Historia?

#11 Msafiri wa Ohio

Swali zuri, lakini vyuo vingi vinapenda mwalimu wa miaka miwili ya mwisho. Stanford kwa mfano wanasema mwaka wa 11 au 12, masomo ya msingi. Kwetu hapo ni kidato cha tano na sita. Wa kidato cha nne anaweza kuingia kwenye nafasi ya ziada, ile ya mtu mwingine anayekufahamu, kwa vyuo vinavyoruhusu. Huko wanawekwa hata makocha, waajiri na viongozi wa dini.

Mimi ningemtafuta mwalimu wa GS popote alipo. Kuhamishwa siyo kufa. Simu inafika.

#12 Tumbili Mtini

GS wanaihesabu? Maana wengi tuliisoma wiki moja kabla ya mtihani.

#13 Binti Usambara

Inategemea mwalimu atakavyoielezea. GS ina falsafa na dini, demokrasia, maendeleo, uhusiano wa kimataifa, na mtihani wake ni insha. Akieleza hivyo kwenye sentensi mbili za mwanzo, msomaji anaelewa kuwa hili ni somo la jamii. Akiandika "GS" peke yake, mtu aliyeko Massachusetts atadhani ni kipimo cha damu.

Mimi nilikuwa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia). Nilimwandikia barua pepe ofisi ya udahili ya chuo nilichokuwa naomba, nikaeleza mfumo wetu kwa aya moja, wakanijibu ndani ya siku nne kuwa mwalimu wa GS anafaa. Kuuliza hakupunguzi alama. Dada, andika leo.

#14 Chaki Mkononi

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi ni mwalimu wa Fizikia, mwaka wa 17 darasani, shule ya serikali. Barua hizi nimeandika kadhaa. Ngoja niseme kwa upande wa meza ninayokaa.

Barua ya kwanza niliyowahi kuandika niliiandika kama cheti cha kumaliza shule. "Ni mtiifu, mnyenyekevu, ana bidii, mcha Mungu, hana tatizo la nidhamu." Nikaona nimemfanyia mtoto jambo kubwa. Hakupata. Sisemi hakupata kwa sababu yangu, lakini miaka baadaye nilisoma mwongozo ambao MIT wamewawekea walimu nikaona aibu. Wanataka umweleze mtoto kwa alichofanya, mpaka msomaji amwone amekaa darasani.

Barua niliyoridhika nayo ilikuwa ya msichana mmoja. Siku ya majaribio ya pendulamu. Mnajua watoto wanavyopika data: wanajua g inatakiwa itoke karibu na 9.8, wanarudi nyuma wanatengeneza muda wa mitetemo 20 mpaka grafu inakaa sawa. Darasa zima grafu zao zilikuwa zimenyooka kama rula. Ya kwake ilikuwa imepinda nukta mbili za juu. Nikamuuliza, akasema, "Mwalimu, ndivyo zilivyosoma." Kengele ya chakula ikalia, wenzake wakaondoka, yeye akabaki anarudia. Mara ya tatu akaniletea ile saa ya kupimia muda, akaiweka mezani pembeni ya simu yangu, akazibonyeza pamoja. Saa ilikuwa inakwama kidogo kila inapovuka sekunde 30. Sikuwa najua. Nilikuwa nimeitumia saa hiyo miaka miwili.

Siku hiyo nilimpa alama chache kuliko waliopika, kwa sababu mwongozo wa kusahihisha unataka grafu iliyonyooka. Nikaandika yote hayo kwenye barua, pamoja na zile alama chache. Hakuwa wa kwanza darasani, alikuwa wa nane au wa tisa.

Kwa hiyo binti yangu, swali la kujiuliza ni nani kati ya hao ana siku kama hiyo ya kusimulia. Mwalimu wa A ambaye hakujui ataandika "alipata A", na hilo NECTA, baraza la mitihani, wameshalisema.

#15 Tumbili Mtini

Mwalimu, hii post naipiga picha.

#16 Dada wa Kariakoo

Chaki Mkononi, shikamoo mwalimu. Ungekuwa shule niliyosoma mimi!

Mwalimu niliyemwomba alikuwa na barua moja kwenye flashi anabadilisha jina tu. Tulikuwa sita tunaomba mwaka ule. Mimi ni mwanamke, barua imenitaja kama kijana wa kiume kuanzia mstari wa tatu mpaka sahihi, na kuna mahali imenipongeza kwa uongozi wangu kwenye timu ya mpira ya wavulana. Aliponipa nakala ilikuwa imeshatumwa. Nilikaa kwenye ngazi za maktaba nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Alikuwa mwalimu mwenye maksi kubwa kuliko wote, kila mtu anamkimbilia. Ndiyo maana hakuwa na muda na mtu.

#17 Mbuyu wa Same

Pole binti. Lakini hapo nawauliza: mwalimu ana vipindi 28, ana madaftari 200 ya kusahihisha, ana zamu. Hizi barua zenye hadithi ataandika saa ngapi? Ndiyo maana nilisema mkuu wa shule. Ana katibu muhtasi, ana kompyuta, ana intaneti ofisini.

#18 Chaki Mkononi

Mbuyu wa Same, la muda umesema kweli. Mimi huandika usiku kwa simu, watoto wakishalala. Ninachoomba kwa mwanafunzi ni vitu viwili: aje wiki nne kabla, na aniletee ukurasa mmoja wenye mambo anayoyakumbuka yeye kwenye darasa langu. Asiniandikie barua, anikumbushe. Siku hiyo nilikuwa nimevaa nini, nani alicheka, tulikuwa mada gani. Nikisoma, yangu nayo yanarudi.

Na wako niliowakataa, wawili. Niliwaambia ukweli kwamba sina la kuwasemea linalozidi maksi, watafute mwingine. Mmoja alininunia. Afadhali akuambie hapana mapema kuliko akukubalie halafu aandike mistari minne.

#19 Kalamu ya Risasi

Sawa mwalimu, hadithi ya pendulamu nimeipenda. Ila kwa huyu binti hadithi yenyewe ni 19 kwa 100 kwenye Hesabu, chuo ambacho Hesabu ndiyo ugali wao. Wewe ungekuwa unasoma mafaili elfu kadhaa, ungemchukua?

#20 Msafiri wa Ohio

Kalamu, kumbuka hiyo 19 wataiona tu. Fomu ya shule inapakiwa na matokeo ya mihula ya kidato cha tano na sita, siyo NECTA peke yake. Kwa hiyo namba iko mezani, madam aandike asiandike. Bila madam, inakaa pale bila mtu wa kuisemea. Akiwepo madam, kuna mtu aliyeshika daftari lenye wino mwekundu anaeleza ilikuwaje kutoka 19 mpaka B ya taifa.

Na kuna kitu kingine. Fomu ya mwalimu ya Common App ina jedwali la kumpima mwanafunzi kando ya barua. Mwalimu anaweka alama kuanzia chini ya wastani mpaka "mmoja wa wachache bora niliowahi kukutana nao", ile asilimia 1 ya juu. Kuna mistari ya uwezo wa kiakili, ubora wa maandishi, ushiriki darasani, uadilifu. Mmoja unahusu jinsi mwanafunzi anavyopokea kushindwa. Na safu ya kwanza kabisa ni ya kusema "sina msingi wa kumpima". Mwalimu wa Fizikia asiyemtambua stendi akiwa mkweli atajaza safu hiyo mistari kumi.

#21 Kalamu ya Risasi

Na asipokuwa mkweli atajaza asilimia 1 kote. Walimu wetu wana huruma.

#22 Mkoba wa Kilifi

Na ndipo msomaji anapogutuka. Bora kote, barua mistari minne. Haviendani.

#23 Nyuki wa Tabora

Mimi nina sababu tofauti kabisa na zenu. Chagua mwalimu ATAKAYETUMA. Basi.

Nilikuwa na mwalimu mzuri kuliko huyo wa pendulamu, alinipenda kama mwanawe. Mwaliko ulikwenda kwenye barua pepe aliyofunguliwa na mtu wa stesheneri mwaka alioajiriwa, nywila haikumbuki. Nikamfungulia mpya. Mwaliko ukaingia kwenye folda ya taka. Nikapanda basi kumfuata, umeme hakuna. Chuo kilifunga 1 Januari, barua ilitumwa tarehe 9. Bahati walipokea, wengine huwa wanavumilia walimu wakichelewa kidogo, lakini nilikonda.

Mwalimu wa kawaida mwenye simu iliyo na chaji namchagua kuliko mwalimu bora asiyesoma barua pepe.

#24 Tumbili Mtini

Nyuki, si ungemfungulia akaunti ukajaza mwenyewe yeye akaangalia tu? Wengi wanafanya hivyo.

#25 Binti Usambara

Tumbili, HAPANA. Kumfungulia mwalimu barua pepe naye akakaa pembeni akaitumia mwenyewe ni msaada. Kuishika nywila ukaandika kwa jina lake ni kughushi. Chuo kikigundua kinafuta nafasi hata kama umeshafika, na shule yako nayo inabaki na doa. Wadogo zako watakaoomba kutoka shule hiyo hiyo ndio watakaolipa.

#26 Tumbili Mtini

Nimeelewa dada, usinichape. Nilikuwa nauliza kwa niaba ya mdogo wangu.

#27 Mwanamwambao

Mie naomba kuuliza kidogo. Kuna mahali wanakuuliza kama unaacha haki yako ya kuzisoma hizo barua. Nilipofika hapo nikasita. Kwa nini niache haki yangu?

#28 Msafiri wa Ohio

Mwanamwambao, ni sheria ya Marekani ya 1974, wanaiita FERPA, inayompa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake za elimu. Ukiacha haki hiyo, mwalimu anaandika akijua hutaisoma, na chuo kinaiamini zaidi. Wengi huiacha. Mwalimu akitaka kukuonyesha kwa hiari yake hakuna anayemzuia. Wangu alinionyesha nilipokuwa nimeshapata viza, chini ya mwembe wa shule. Kulikuwa na aya kuhusu siku niliyomsahihisha ubaoni nikakosea mimi. Nilikuwa nimeisahau kabisa, yeye hakuisahau.

#29 Dada wa Kariakoo

Tukiwa hapo hapo, la fedha je? Mwalimu mwingine niliyemwendea mwaka uliofuata aliniambia "lete ya soda", na soda yenyewe ilikuwa 50,000.

#30 Chaki Mkononi

Binti, hilo linaniuma. Kumlipia mwalimu bando la siku hiyo ni ubinadamu, maana kupakia ni kwa fedha yake. Zaidi ya hapo ni biashara, na barua ya kununua inasomeka hivyo hivyo. Anayekuuzia hakujui.

#31 Mbuyu wa Same

Mwalimu, usisahau mishahara yenu. Mtu anaandika barua ya kumpeleka mtoto kwenye ufadhili wa mamilioni, yeye anabaki na kuku wake watatu. Soda siyo dhambi.

#32 Chaki Mkononi

Kuku ninao saba mzee wangu. Na bado ni hapana.

#33 Kalamu ya Risasi

Ngojeni niwarudishe kwenye ukweli mchungu. Barua hizi ni mapambo. Kinachoamua kwa mtoto wa Kitanzania ni fedha. Chuo kikiona unahitaji ufadhili wa asilimia 100, madam na pendulamu ya mwalimu havisaidii.

#34 Mkoba wa Kilifi

Kwa vyuo vingi una hoja, wanaangalia uwezo wa kulipa kwa wageni. Lakini vipo visivyoangalia hata kwa wageni: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, na Dartmouth walijiunga 2022. Kwa hivyo kwa chuo anachokitaka mleta uzi, hoja ya fedha haiingii wakati wa kuchagua. Na hapo ambapo wote wana maksi na wote wanahitaji msaada, ndipo barua inapopata kazi.

Kenya tuna KenSAP tangu 2004, wanawasaidia watoto wenye maksi wasio na fedha kuomba vyuo hivyo. Nyumbani kwenu aende EducationUSA, ofisi ya ushauri ya ubalozi wa Marekani Dar, ushauri ni bure.

#35 Nyuki wa Tabora

Au aombe Uingereza, UCAS (mfumo wao wa maombi) ni mwandishi mmoja tu kwa vyuo vyote vitano. Tangu wanaoingia 2024 siyo barua ndefu tena, ni sehemu tatu fupi. Au University of California, wao maombi ya mwanzo hawataki barua kabisa.

#36 Binti Usambara

California ya umma kwa mgeni asiye na ada, Nyuki? Hapo ndipo Kalamu atapata kura yangu.

#37 Mwanagenzi wa PCM

Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Nimefanya haya.

Nimeandika kwa ofisi ya udahili kuhusu GS, bado hawajajibu. Nimempata mwalimu wa GS kupitia kwa mwalimu wa zamu. Alinikumbuka kwa insha moja tuliyobishana kuhusu kodi, akasema bado haamini hoja yangu. Amekubali.

Madam wa Hesabu nimempigia jana jioni. Kabla sijamaliza kusema akauliza, "Lile daftari bado unalo?" Ninalo. Akasema nimpigie picha kurasa za Agosti, mwezi wa logi, maana ndiko anakotaka kuanzia.

Fizikia nimeiacha. Naogopa kidogo kuiacha A yangu bila mtu. Na baba mdogo hajaniamini, anasema mkuu wa shule angeweka muhuri.

#38 Mbuyu wa Same

Mwambie muhuri utakuwepo kwenye fomu ya shule. Lakini mimi ningemweka huyo wa Fizikia kwenye nafasi ya ziada, kwa tahadhari. A haitupwi.

#39 Msafiri wa Ohio

Barua ya tatu isiyo na jipya inapunguza mbili nzuri. Iache.

#40 Kalamu ya Risasi

Mbuyu nakuunga mkono leo. Chuo cha sayansi bila mwalimu hata mmoja wa sayansi?

#41 Binti Usambara

Wamesema Hesabu AU Sayansi. Soma post yangu namba 7.

#42 Chaki Mkononi

Binti yangu, madam ameshapata mwaliko wa mifumo yote miwili? Usingoje Desemba.

#43 Mwanagenzi wa PCM

Mwalimu, wa MIT ameupata. Wa Common App anasema ameangalia tangu asubuhi haujafika.

#44 Nyuki wa Tabora

Folda ya taka!

#45 Mwanagenzi wa PCM

Umo.